Barafu ya Mgeni Rasmi

Dokta Zefania tumemzika Ihanja Jumamosi iliyopita, upepo ukitupiga vumbi la machoni hata wasiokuwa na machozi wakaonekana wanalia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu ukifanya kazi na mtu halafu akafa, unakwenda kumzika, na kwa sababu Mwanaidi alinipigia simu kutoka Mgori akasema, "Dada, twende tukamzike, watu wasije wakasema tuna kinyongo." Kinyongo ninacho, wala sioni aibu kukisema. Tukakutana stendi ya Singida mjini, yeye na mtandio wake mweusi, mimi na khanga yangu ya misibani, tukapanda gari pamoja, na njia nzima tukazungumzia bei ya alizeti. Tulipofika tukakuta maturubai, viti vya plastiki vya kukodi, spika mbili kubwa, na pembeni ya jeneza bango refu lenye picha. Si picha ya marehemu peke yake. Ilikuwa ni ile picha ya pamoja ya kongamano la fizikia lililofanyika chuoni kwetu tukiwa vijana, imekuzwa mpaka nyuso zimekuwa kubwa kama sinia. Kisha mwongozaji wa ratiba akasoma wasifu, na nikasikia kwa masikio yangu kwamba tunamzika "baba wa fizikia ya chembe katika mkoa wa Singida". Nilitazama chini. Mwanaidi alikuwa anasafisha kucha zake kwa kijiti.

Nataka kuueleza mwaka wa kongamano lile. Wazazi wangu na ukoo wangu nitawaacha walipo, hawana hatia yoyote katika jambo hili. Itoshe kusema kwamba nilikuwa kijana, nina shahada mpya ya fizikia, na nimeajiriwa kwa mkataba katika chuo kimoja kidogo nje kidogo ya mji, ambacho sitakitaja kwa sababu hakinisaidii kitu kukitaja. Mwanaidi aliajiriwa siku hiyo hiyo. Tulipanga vyumba viwili vilivyopakana katika nyumba ya mama mmoja wa Kinyaturu, njia ya kuelekea ziwani, na ukuta kati yetu haukufika juu. Ulikomea chini ya bati, ukaacha uwazi ambao paka wa mwenye nyumba aliutumia kama barabara. Kwa hiyo mwaka mzima nilisikia kila kitu cha Mwanaidi: alivyokohoa, alivyosali, alivyogombana na jiko la mafuta ya taa, na alivyozungumza peke yake kuhusu tangi lake la kioo.

Tangi lile lilikuwa la kufugia samaki. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, akaliweka pembeni ya kitanda, na mama mwenye nyumba kila alipopita mlangoni akauliza, "Mwanangu, samaki wenyewe wanakuja lini?" Mwanaidi akajibu, "Shikamoo mama, wako njiani." Hakukuwa na samaki. Alikuwa anatengeneza chombo cha kuonea chembe zinazotoka angani, zile ndogo kuliko udogo wowote tunaoujua, ambazo zinatupita mwilini usiku na mchana bila kubisha hodi. Unachukua tangi, unabandika kitambaa kizito sehemu ya juu kwa ndani na kukilowesha spiriti safi, unalifunika juu ya sahani ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, na chini ya chuma unaweka kitu cha baridi kali sana. Mvuke wa spiriti unashuka, unapoa, unajitanda karibu na chuma. Chembe ikipita, inaacha mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Uzi unakaa kidogo, kisha unapotea. Chembe yenyewe huioni, lakini umeona njia yake. Alinieleza hivyo siku ya kwanza tukila ugali wa uwele na mlenda uani, na nikamwambia kwamba hakuna mtu wa Singida atakayeamini. "Ndiyo maana nataka waone," akasema, akalamba kidole.

Tatizo lilikuwa baridi. Tulijaribu barafu ya kawaida na chumvi, tukajaribu tena na tena, tukapata maji ya chumvi na chuma chenye kutu. Ilihitajika barafu kavu, ile ya hewa ya kaboni iliyogandishwa, ambayo haiyeyuki kuwa maji bali inafuka moshi mpaka inakwisha, na isipotumiwa mapema inajimaliza yenyewe ndani ya boksi. Mjini Singida barafu hiyo haikuwepo. Mwanaidi alikuwa na shemeji anayefanya kazi kiwanda cha samaki Mwanza, na shemeji akaahidi kwamba siku yoyote akihitajika ataituma kwa basi. Lakini alisema wazi kwamba ni mara moja tu, kwa sababu bosi wake hakuwa mtu wa mchezo. Kwa hiyo chombo cha Mwanaidi kilikuwa na nafasi moja ya kufanya kazi, naye akaiweka nafasi hiyo kwa ajili ya kongamano.

Kongamano lilitoka kwa Profesa Greta, mama mmoja wa Ulaya mwenye miwani ya kamba, ambaye alizunguka nchi za Afrika akifanya mikutano ya fizikia ya chembe mahali ambapo haijawahi kufanyika. Sijui nani alimtajia Singida. Mwanaidi alikuwa amemwandikia kuomba nafasi ya kusoma udaktari katika maabara yake, na mama yule akamjibu kwa heshima kwamba nafasi ni moja, waombaji ni kadhaa kutoka vyuo mbalimbali, wote atawakuta kwenye kongamano, na atamchagua yule ambaye kazi ya mikono yake ataiona yeye Profesa kwa macho yake mwenyewe. Mkataba wetu chuoni uliisha mwaka ule, na ilikwishasemwa kwamba asiyekwenda kusoma hataongezewa. Mimi nilikuwa na njia nyingine, nimeshaahidiwa kazi kwingine. Mwanaidi hakuwa nayo. Alikuwa na tangi la samaki.

Sasa nimseme Dokta Zefania, Mungu amweke anapoona panafaa. Alikuwa mkuu wa idara na akajiteua mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Udaktari wake ulikuwa wa fizikia kweli, hilo siwezi kumnyima, lakini aliutunza kama watu wanavyotunza vyombo vya kabatini, vya kutolewa wageni wakija na kufutwa vumbi wakiondoka. Alitembea akiwa ametanguliza tumbo na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na sauti nzuri, na aliipenda kuliko sisi tulivyoipenda. Alipopata taarifa kwamba kongamano la kimataifa linakuja chuoni kwake, swali la kwanza aliloliuliza halikuwa nani atawasilisha nini. Aliuliza, "Mgeni rasmi tutampata wapi?"

Vikao vikaanza. Niliwahi kukaa katika kamati za harusi, za mahafali na za misiba, na ninaapa kwamba kongamano lile liliandaliwa na akili ile ile, pengine na daftari lile lile. Kulikuwa na kamati ndogo ya mapokezi, ya mapambo, ya sare, ya usafiri, ya chakula na vinywaji, ya itifaki, ya ratiba na burudani. Kamati ya fizikia haikuwepo. Mada za kisayansi ziliwekwa chini ya ratiba na burudani, katikati ya ngoma za asili na kwaya ya wafanyakazi. Mimi, mwenye shahada ya fizikia, nilipangiwa mapambo. Mwanaidi akapangiwa mapokezi kwa sababu, Dokta alisema mbele ya kikao bila kupepesa jicho, ana tabasamu zuri.

Kikao cha barafu nakikumbuka vizuri. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha mikutano chenye mapazia ya kijani, tunakula karanga na kunywa chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi nyingi, na Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Dokta, kwa ajili ya onyesho langu kutakuwa na boksi la barafu kavu kutoka Mwanza. Ninaomba lihifadhiwe maabara, nami nikae na ufunguo."

"Barafu?" Dokta akainua uso. "Barafu ni kamati ya chakula na vinywaji. Mama Upendo, umeandika?"

Mama Upendo, karani wa uhasibu aliyeongoza kamati hiyo, mwanamke mwema asiyependa ugomvi, akasema ameandika.

"Hapana, Dokta, hii si ya kula. Ni ya kaboni, ni kifaa cha..."

"Binti. Barafu ni barafu. Tunaendelea. Sare: bluu au kijani?"

Rangi ya kitenge ikajadiliwa mpaka chai ikapoa. Baada ya kikao Mwanaidi alimfuata koridoni, nami nikiwa nyuma yake, akamsalimia upya, shikamoo Dokta, akamweleza taratibu kama unavyomweleza mtoto wa chekechea. Dokta akamwekea mkono begani. "Mwanangu, nikufundishe uongozi. Katika kongamano langu hakuna kitu kinachoning'inia hewani. Kila kitu kina kamati yake. Kikipotea, tunajua wa kumuuliza." Akaenda zake akipiga mluzi. Nilimdharau siku ile, na dharau ile haijawahi kupungua. Nimezeeka nayo, imekuwa kama goti baya, naijua hali yake kila asubuhi. Siku hizi nikiwaona vijana wa vyuo wakikimbizana na mabango na fulana za sare, natamani kuwauliza kamati ya kazi yenyewe iko wapi. Siulizi, kwa sababu jibu nalijua.

Barafu ilifika jioni ya kuamkia kongamano. Tulikwenda stendi kuipokea, boksi jeupe la sponji lililozungushiwa utepe wa gundi mpaka halionekani, tukalipakia kwenye bajaji tukiwa tumelikumbatia wote wawili. Chuoni Mwanaidi alivaa glavu za kazi za mwenye nyumba, akafungua kifuniko kidogo tu, moshi ukamwagika sakafuni na kupita juu ya viatu vyetu. Akacheka peke yake. Sijawahi kumwona akicheka namna ile kabla wala baadaye. Akalifunika kwa mablanketi, tukalisukuma ndani ya stoo ya maabara, na Mama Upendo akafunga kwa ufunguo wake, kwa kuwa kamati ndiyo ilikuwa na ufunguo. "Mama, usiiguse, inaunguza," Mwanaidi akamwambia. "Barafu inaunguza? Haya mwanangu, makubwa," akasema Mama Upendo, akautia ufunguo kifuani. Tulipokula Mwanaidi hakumaliza hata tonge la pili. Kisha nikamsikia kupitia ule uwazi wa juu ya ukuta akirudia maelezo yake kwa Kiingereza, pole pole, akijisahihisha, na mama mwenye nyumba uani akiwauliza wenzake kwa Kinyaturu kama yule binti anasali au anaumwa.

Asubuhi umeme haukuwepo. Ulikuwa umekatika tangu alfajiri, jenereta ndogo ya chuo ikatosha spika na maikrofoni tu, na upepo wa Singida ukatangaza habari hiyo kwa kupiga madirisha ya ukumbi. Wageni wakafika kwa wakati, maskini, na begi zao za kitambaa shingoni. Wakakaa. Mgeni rasmi hakufika. Ratiba ilisema ufunguzi ni asubuhi, na asubuhi ikapita. Profesa Greta akamwendea Dokta Zefania akamuuliza kwa upole kama haiwezekani wakaanza mada mbili tatu wakati wanasubiri. Dokta akashtuka kana kwamba ameambiwa avue suruali. Kongamano halijafunguliwa, akamwambia, haiwezekani kujadili chembe kabla ya ufunguzi. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga utepe wa bluu, nikasikia yote, nikataka kuanguka kwa kicheko. Chembe zenyewe muda ule zilikuwa zinapita kwenye paa la ukumbi, kwenye utepe wangu, kwenye tumbo lake, zinazama ardhini na kwenda zao, bila kumsubiri mheshimiwa yeyote.

Ngazi yangu ilikuwa karibu na dirisha linaloangalia jikoni. Ndipo nikawasikia, yeye na Mama Upendo, wamesimama kwenye kivuli cha ukuta kati ya masufuria ya pilau.

"Mheshimiwa hanywi soda ya moto," Dokta alikuwa anasema. "Tumeambiwa na watu wake."

"Dokta, friji zote zimekufa tangu alfajiri."

"Na ile barafu iliyo kwenye kamati yako?"

"Ile ya Mwanaidi?"

"Ya Mwanaidi! Mwanaidi ana kiwanda cha barafu? Barafu ni ya kongamano."

"Alisema inaunguza, Dokta."

"Mama Upendo, wewe mtu mzima, umewahi kuona barafu inayounguza?"

Nilishuka ile ngazi nikakimbia kuzunguka jengo, nikasimama mbele ya Dokta. Nilimwambia, bila salamu, kwamba barafu ile ni ya jaribio, kwamba bila hiyo Mwanaidi hana kitu cha kuonyesha. Alinitazama kama unavyotazama nzi kwenye maziwa. "Jaribio gani linalomzidi mgeni rasmi?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Aliuliza akitaka kujua. Na papo hapo king'ora cha msafara kikasikika barabarani, naye akaweka tai yake sawa akaondoka kwa mwendo wa haraka, na Mama Upendo akabaki ameshika ufunguo, ananiangalia kwa huruma. "Nimeagizwa, mwanangu," akasema. Mwanaidi alikuwa wapi? Alikuwa getini, kwenye mstari wa mapokezi, amevaa kitenge cha sare na kushika ua la plastiki, kwa sababu ana tabasamu zuri.

Walivunja barafu kwa nyundo, wakaitia kwenye mabeseni ya maji yenye soda, na mabeseni wakayaweka kwenye meza kuu. Barafu kavu ikiingia kwenye maji inafoka. Moshi mweupe ukainuka, ukajaa mezani, ukafunika maua ya plastiki na vibao vya majina, ukashuka kwenye kitambaa mpaka sakafuni. Mheshimiwa akaingia ukumbini akaukuta. Akasimama. Watu wa itifaki wakasimama. Mshereheshaji, ambaye hakuwa na habari ya kinachoendelea, akapaza sauti, "Hiyo ndiyo sayansi, mheshimiwa!" na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mheshimiwa akainamia beseni, akapitisha mkono kwenye moshi, akageuka kwa Dokta Zefania akamuuliza kwa sauti ambayo maikrofoni iliinasa, "Kwa hiyo hizi ndizo chembe zenyewe?"

Nilimtazama Dokta. Alikuwa na udaktari wa fizikia. Alikuwa mbele ya wanafizikia waliovuka bahari. Nilidhani hata yeye kuna mahali atakomea.

"Ndizo zenyewe, mheshimiwa," akasema.

Wageni hawakujua Kiswahili, ila mmoja wao alitafsiriwa na jirani, naye akamtafsiria mwenzake, nikaona maneno yakisafiri safu hadi safu na vichwa vikiinama kimoja kimoja. Profesa Greta akajifunika mdomo kwa begi lake. Mwanaidi alikuwa ameingia nyuma ya msafara. Aliona moshi, akaelewa mara moja, kabla mtu yeyote hajamwambia. Hakulia. Alisimama mlangoni. Na mheshimiwa, akiwa na soda yake ya baridi, akahutubia kwa muda mrefu kuhusu alizeti, barabara na umuhimu wa watoto wa kike kusoma sayansi. Alisema anataka kuwaona mabinti wengi zaidi katika fani hii ngumu. Mwanaidi alimsikiliza mpaka mwisho, lile ua bado liko mkononi.

Wakati wa chakula watu walipopanga foleni ya pilau na kuku wa kienyeji, Mwanaidi alimfuata Profesa Greta akamwambia kwamba chini ya boksi kumebaki vipande, havitoshi kwa muda mrefu, lakini akija stoo mara baada ya kula ataona. Mama yule alimshika mkono akasema atakuja, bila shaka atakuja. Hatukula. Tulijifungia stoo, ambayo Mama Upendo aliiacha wazi, kati ya madawati mabovu na viti vilivyovunjika, tukaziba dirisha kwa blanketi. Mwanaidi aliokota vipande kimoja kimoja kwa glavu, akavipanga chini ya chuma, akalowesha kitambaa, akafunika tangi, akanipa tochi nimulike kutoka ubavuni. Tukasubiri chuma kipoe. Mara spika za nje zikakoroma: "Wageni wote, wageni wote, picha ya pamoja na mgeni rasmi! Hakuna mtu kuingia ndani!"

"Kamwite Profesa," Mwanaidi akasema, akaichukua tochi. "Sasa hivi."

Nilitoka. Viti vilikuwa vimepangwa mbele ya jengo la utawala, mheshimiwa katikati, na Profesa Greta wameshamketisha kiti cha pili kutoka kwake. Dokta Zefania amesimama nyuma ya kiti kile, mikono yake miwili imeshika egemeo, kama mtu anayezuia mbuzi asitoke. Nilimpungia Profesa. Aliniona. Akainua kidole kimoja, ngoja kidogo, na akatazama kulia na kushoto kama anatafuta pa kupitia. Hapakuwa na pa kupitia. Mpiga picha alikuwa anawasogeza watu, wewe mfupi mbele, wewe mwenye kofia vua. Mtu wa itifaki akaniambia nijipange au niondoke. Nikaondoka.

Nilipoufungua mlango wa stoo Mwanaidi hakugeuka. "Njoo," akasema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini. Niliinama karibu yake, vichwa vyetu vikagusana. Mwanzoni niliona ukungu tu, unashuka kama mvua nyepesi sana. Kisha ukapita mstari. Ulitokea pembeni, ukakata ukungu moja kwa moja, mweupe, ukakaa kidogo ukilegea, ukapotea. Ukaja mwingine, mfupi na mnene. Ukaja mwingine tena, mrefu, unapinda mwishoni. Vilikuwa vitu vilivyotoka angani, mbali kuliko ninavyoweza kusema, vimepita kwenye bati la stoo ya chuo chetu na kutuandikia. Moyo ulinijaa furaha mpaka nikaogopa. "Unaona?" Mwanaidi akaniuliza. Nikamwambia naona. Nje mpiga picha alikuwa anahesabu, watu wakacheka, kwaya ikaanza. Sisi tulimulika mpaka mistari ikawa michache, kisha mmoja mmoja, kisha ukungu wenyewe ukanyanyuka na chuma kikawa chuma. Katika kongamano la fizikia ya chembe, lililohudhuriwa na watu wa kujaza ukumbi, walioiona njia ya chembe siku ile walikuwa wasichana wawili waliokosa pilau.

Profesa Greta alikuja, sitamsingizia. Alikuja karibu anakimbia, baada ya kupeana mikono na msafara mzima. Alipiga magoti mbele ya tangi, akamulika, akakagua kitambaa, sahani, gundi, kila kona, akatikisa kichwa kwa namna ya kusifu. Hapakuwa na baridi tena. Mwanaidi alimweleza alichokiona, mistari ile mifupi na ile mirefu, na mama yule akamsikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini," akasema. "Lakini siwezi kuwaandikia wenzangu kwamba niliamini." Macho yake yalikuwa mekundu. Nafasi alipewa kijana wa chuo kingine, mpole, mwenye kompyuta na picha nzuri za mitambo ya watu. Simlaumu yeye wala mama yule. Mzigo wangu wote nimeuweka kwa mtu mmoja, na hata alipokuwa kwenye jeneza sikuona sababu ya kuupunguza.

Dokta Zefania alipata barua ya pongezi. Aliitia fremu. Mkataba wa Mwanaidi uliisha, akaenda kufundisha sekondari Mgori, na yuko huko mpaka leo, anafundisha fizikia kwa chaki kwa watoto ambao wengine wanatembea kutoka pembeni ya msitu. Mimi nilihama chuo mwaka ule ule. Tangi alimwachia mama mwenye nyumba, ambaye hatimaye alipata samaki wake.

Kwa hiyo Jumamosi, chini ya turubai la Ihanja, niliitazama ile picha kwenye bango kwa muda mrefu, maana hotuba zilikuwa nyingi. Wamo wote. Mheshimiwa na soda yake. Profesa Greta, anatazama pembeni, si kwenye kamera. Mama Upendo na upawa mkononi. Kijana mwenye kompyuta. Dokta, mikono kwenye kiti. Yumo hata dereva wa msafara. Ikafika zamu ya mashada. Wakaitwa watoto, wakaja ndugu wa upande wa mama, wakaja majirani, wakaja wastaafu wa chuo. Kisha mwongozaji wa ratiba akapekua karatasi yake akatangaza, "Sasa tunawaomba wale wote waliokuwepo kwenye lile kongamano la kihistoria la chembe, wapite mbele, waweke shada, wapige picha ya mwisho na Dokta wetu." Viti vikaanza kulia. Wazee kwa wazee wakainuka, wakajinyoosha migongo, wakaweka koti sawa. Mama Upendo, amekonda sasa na anatembea kwa fimbo, akapita mbele yetu akatuashiria tumfuate. Na mimi, kwa mazoea ya kutii spika, nikajikuta nimeshaanza kunyanyuka.

Mwanaidi akanishika pindo la khanga, akanivuta chini. Hakuonyesha hasira. Alikuwa anaangalia mbele, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Kaa, dada," akasema. "Sisi hatukuwepo."

Nikakaa.